Ombi la Kupiga Marufuku Sataranji za Kulipuka Kituoni Kwetu

Kiptere,
Jumatano asubuhi.

Kwa Mama Rebeccah, Mwenyekiti,
Kamati ya Kituo cha Kuuzia Majani Chai.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ng'ombe wako hawajapunguza maziwa kwa baridi hii. Sisi kwetu hatujambo, isipokuwa mimi. Naitwa Robert Kipkosgei, unanijua, mkulima wa chai na mchezaji wa sataranji hapa kituoni tangu siku za paa la nyasi. Naandika kwa uchungu mwingi na adabu yote.

Desturi yetu unaijua. Tukimaliza kuchuma tunaleta majani kituoni, na kwa kuwa lori la kiwanda huja linapotaka, tunacheza sataranji juu ya meza ya kuchambulia majani. Tumecheza miaka yote ile sataranji halali, safi, inayochezwa dunia nzima: farasi anaruka, askofu anakwenda mshazari, na lori likipiga honi kabla mfalme hajanaswa, kila mtu anaweka kwenye mizani vipande alivyokula, mwenye uzito mkubwa ndiye mshindi. Sheria hizo hakuna aliyewahi kuzibishia.

Sasa Beverly, binti wa Onyiego mwenye duka, alikuja likizo kutoka chuoni na simu yake, akafundisha watu sataranji za namna nyingine, kila moja na vituko vyake. Anasema zinanoa akili, ati ukirudi kwenye ile ya kawaida unaona mbali zaidi. Mimi nasema zinaharibu mchezaji kama mvua ya mawe inavyoharibu chai. Ushahidi ninao:

1. Kuna mchezo wa kulipuka. Humo kipande kikiliwa, kinalipuka pamoja na mlaji na majirani. Juzi nilikuwa nacheza sataranji halali na Zack, yule kijana mwenye bodaboda. Nikafanya kosa dogo, la kibinadamu, nikamweka malkia wangu kando kabisa ya mfalme wake, bila mlinzi. Hata mtoto angemla. Zack akamtazama malkia, akarudisha mkono, akamkimbiza mfalme pembeni. Nilipomuuliza akasema, "Mzee, nikikula huyo malkia tunalipuka sisi wote." Nilimshinda, ndiyo, lakini kwa masikitiko.

2. Kuna mchezo wa kugawa mali, ambapo anayemaliza vipande vyake kwanza ndiye mshindi. Isaiah, ambaye ni mzee wa kanisa na mtu mwenye shamba, alicheza na Mosoti, mkulima mwenzetu, sataranji ya kawaida akampa ngome, akampa askofu, akamsukumia malkia kama mtu anayemkaribisha mgeni chai. Kisha akasimama anyooshewe mkono wa pongezi. Kibaya zaidi, Mosoti alimpongeza.

3. Huyo Mosoti naye ameharibiwa na mchezo wa kilima, ambapo mfalme akifika katikati ya ubao amemaliza kazi. Siku hizi mfalme wake haketi nyumbani. Anatoka asubuhi na mapema kwenda katikati, peke yake, bila koti, na huko anauawa.

4. Kuna mchezo wa kupanga ovyo, ambapo vipande vya nyuma vinachanganywa kabla ya kuanza ili watu wasikariri. Hapa, Mheshimiwa, naomba ukae chini. Isaiah amehamisha zizi lake likawa palipokuwa na jiko, na jiko likaenda palipokuwa na zizi, akisema mpangilio mpya unazuia uvivu wa akili. Mke wake sasa anapika akitazama barabara. Kama mzee wa kanisa ameanza na jiko, kesho ataanza na ibada. Baraka zitatolewa kabla ya sadaka, watu watakwenda nyumbani mapema, na kanisa litabaki bila paa. Kisha mtindo huu utaingia serikalini, tupige kura kwanza ndipo wagombea watafutwe. Mambo haya huanzia kwenye ubao.

5. Wapinzani wangu watakutajia safari yetu ya kwenda kucheza Kaplong. Ni kweli kwamba katika mechi ile ya kirafiki Zack, Mosoti na hata Isaiah walishinda, na kwamba tulioshindwa ni mimi na Onyiego, ambao hatujawahi kugusa michezo hiyo. Lakini mtu asikimbilie kuhukumu. Onyiego alikuwa na mafua. Mimi nilikuwa mbele kwa askari wawili, honi ya lori ikalia barabarani, nikasimama kwa heshima nikauliza mizani iko wapi. Watu wa Kaplong wakatazamana. Mpinzani wangu akaniambia, "Keti tucheze, mzee, hiyo lori ni ya mawe." Saa yangu ya mchezo ikaendelea kukimbia mimi nikiwa bado nimesimama, nikatangaziwa kwamba nimeshindwa. Kwa hivyo unaona ugonjwa umefika hadi Kaplong. Mji mzima umeacha kupima, na bado wanaita hiyo sataranji.

6. Hili la mwisho nilitaka kuliacha, lakini ukweli ukiuficha unakuumiza tumbo. Kuna mchezo wa watu wanne, mbao mbili, wawili kwa wawili. Ukikula kipande unampa mwenzako aliye kando yako, naye anakidondosha kwenye ubao wake popote anapotaka. Wanapiga kelele, wanaombana farasi, wanacheka hadi majani yanamwagika. Mke wangu Cheptoo ndiye bingwa wa mchezo huo. Mwenzake ni Atuti, karani wa kupima majani.

Sina neno baya juu ya Atuti. Ni kijana mstaarabu na mizani yake haina hila. Lakini, Mheshimiwa, tangu tuoane mimi na Cheptoo tulikuwa tukimaliza kukamua jioni tunakaa na ubao wetu, sufuria ya chai katikati. Alikuwa akinishinda, sikatai, lakini alikuwa akinishinda mimi. Sasa akirudi kutoka kituoni amechoka kwa kucheka, ananiambia, "Leo Atuti alinipatia askofu wakati ule ule nilikuwa nataka." Miaka yote hii nimemwachia maaskofu wangapi, na hakuna siku alimsimulia mtu habari zao? Mimi nakaa na ubao, nacheza pande zote mbili peke yangu, na bado nashindwa. Nimehuzunika, Mwenyekiti. Nimemkosa mke wangu naye yuko nyumbani.

Kwa hayo yote, naomba kamati yako ipige marufuku kulipuka, kugawa mali, kupanda kilima, kupanga ovyo, na hasa kupeana vipande, katika eneo lote la kituo kuanzia kwenye mizani hadi kwenye ua wa michongoma. Atakayekamatwa majani yake yapimwe mwisho. Beverly arudishwe chuoni kwa shukrani. Simchukii. Ni msichana mwerevu, na ndiyo sababu naogopa.

Nisalimie mzee wako na mguu wake. Wasalimie wanakamati wote, mchungaji, na dereva wa lori, ambaye bila honi yake tusingejua nani ameshinda. Mungu aipatie chai yetu mvua ya kiasi.

Mimi wako mtiifu, nikingoja jibu bila haraka lakini pia bila subira,

Robert Kipkosgei.

Tanbihi, Ijumaa asubuhi: Barua hii imechelewa kukufikia kwa sababu ya mambo yafuatayo. Atuti amekwenda kwao Nyamira kwa likizo, Cheptoo akabaki bila mwenza wa mchezo wa Jumamosi, na jana jioni akaniuliza kama naweza kujaribu. Tumefanya mazoezi hadi chai ikapoa. Nilimpatia farasi mmoja mahali ambapo alicheka hadi akashika ukuta. Baadaye tukacheza ile ya kawaida, nami nikaona mtego wake kabla haujafungwa, jambo ambalo halijawahi kunitokea tangu harusi. Nadhani macho yamefunguka. Kwa hivyo naomba marufuku ianze siku Atuti atakaporudi. Na kama kamati ina uwezo wa kumwongezea likizo, mimi sitapinga.