Mjenzi na Mwezi wa Kumi na Tatu

Jumanne, Nehase 27, 2017

Leo nimefanya jambo la kihistoria. Hakuna aliyeniona, bahati mbaya. Nimeingia ofisini kabla ya wote, nikakaa mbele ya Mjenzi, nikambadilishia tarehe.

Mjenzi ni kompyuta kubwa iliyo chini ya ngazi. Sisi tunaandika mistari, yeye anaijenga kuwa programu na kuifunga kifurushi cha kuweka kwenye simu. Mashine mwaminifu, ila alihesabu miaka kiferenji, yaani kizungu. Kwake ilikuwa 2025! Mashine ya Addis Ababa, inakula umeme wa Addis Ababa, inaishi miaka minane mbele ya mwenye nyumba. Sasa naye yuko 2017 kama sisi, mwezi wa kumi na mbili, tarehe 27.

Nikamwambia bosi, Weizero Tsedale, kwamba sasa mteja akifungua kifurushi ataona tarehe yake mwenyewe. Kafurahi mpaka kavua miwani. Mwaka mpya ukiingia atateua mkuu wa vifurushi, ama mimi ama Lulit. Lulit ana miaka minne hapa na hajawahi kuharibu kitu. Mtu wa namna hiyo ni wa kuogopwa.

Jioni nikapita Shiro Meda kwa Mama mkubwa, Etiye Asnakech, dada wa marehemu mama, aliyenilea. Macho yake yamekwisha. Sikujua yamekwisha kiasi hicho. Mumewe, Gashe Mulatu, alikuwa mpiga chapa wa reli kule Dire Dawa, na kila wiki alimpigia barua kwa mashine ya ofisi. Barua mia moja na kumi na mbili. Tangu alipofariki, Mama mkubwa husoma moja kila Jumapili. Leo kaniambia, kwa sauti kavu, kwamba tangu Pasaka hajasoma hata moja.

Nikasema nitamsomea. Akacheka. "Wewe, Wube? Mdomo wako hauna mlango!" Hakuna atakayezisoma ila yeye. Na kama yeye hawezi, basi mkesha wa mwaka mpya, Pagume 5, atazitia kwenye moto wa mienge tunaouwasha uani. Hataki zije kusomwa na watu waliokuja kula matanga yake.

Nikamwomba asubiri. Programu tunayotengeneza ndiyo hasa dawa yake: unaelekeza simu kwenye karatasi, simu inakusomea sikioni. Haihitaji mtandao. Haina umbea. Imebaki kasoro moja ndogo tu. Akasema atangoja mpaka mienge iwashwe, hata dakika moja haongezi.

Alhamisi, Nehase 29

Kasoro yenyewe ni hii. Katika maandishi yetu sentensi huishia kwa alama ya nukta nne. Programu ikifika hapo inatakiwa kunyamaza kidogo, ivute pumzi. Badala yake inatamka. "Kesho maji yatakatika nukta nne. Jazeni mapipa nukta nne."

Nimeurekebisha mstari wenyewe kabla ya chai. Nikampa Mjenzi. Kwa kawaida huchukua dakika arobaini, akipumua kama ng'ombe. Leo sekunde mbili! Akaandika kwamba kila kitu kiko tayari, hakuna cha kufanya. Nikaona kumbe tarehe ya nyumbani imemtuliza. Weizero Tsedale akaja kutazama, akaita wengine waje kutazama. Lulit akakunja uso, akauliza mbona haraka hivyo. Wivu huo.

(Asubuhi Mjenzi pia aligoma kuingia mtandaoni. Eti vyeti vya tovuti havijaanza kutumika. Nikamnyamazisha.)

Sikukijaribu kifurushi. Kujaribu ni kwa wasiojiamini. Nikaenda nacho moja kwa moja Shiro Meda, nikakiweka kwenye simu ya Mama mkubwa. Akanitoa nje, akafunga mlango. Nikatega sikio. Haikuwa adabu, lakini mlango ni mbao nyembamba.

"Usiku sikulala nukta nne. Nilikuwa nakuwaza nukta nne."

Mlango ukafunguliwa. Mama mkubwa kasimama pale na simu mkononi kama aliyeshika panya. Akaniambia mumewe alikuwa na kasoro nyingi, lakini hiyo hakuwa nayo.

Ijumaa, Nehase 30

Nimerekebisha tena. Sekunde mbili. Nukta nne.

Nimeufuta mstari wote. Sekunde mbili. Nukta nne!

Nikaandika kwamba kila sentensi ikiisha iseme "Wubshet hodari," yaani mimi. Sekunde mbili. Kesho maji yatakatika nukta nne.

Nimekaa nikatafakari. Mimi sijakosea, nimesoma mistari mara tisa. Mjenzi hawezi kukosea, ni mashine. Amebaki nani? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamtazama Lulit. Alikuwa anamenya chungwa, taratibu, kama mtu asiye na hatia hata kidogo. Nani humenya chungwa namna ile?

Jumamosi, Pagume 1

Mwezi wetu wa kumi na tatu umeingia, wa siku tano tu, na Mjenzi hautambui. Kwake leo ni tarehe 31 ya kumi na mbili. Nikamwandikia mwezi wa 13. Akakataa. Nikaandika tena, kwa upole. Akakataa. Nikamwacha, lakini nimemwona alivyo.

Mchana nikajificha chini ya ngazi, nyuma ya Mjenzi, nimkamate Lulit akimchezea. Mtego safi. Saa nzima nimejikunja, shingo imepinda, vumbi puani. Lulit akashuka. Akasimama. Nikazuia pumzi. Akainama, akanipa kikombe cha kahawa.

Akapanda ngazi. Baada ya muda akaleta cha pili. Cha tatu, kile cha baraka, akakaa sakafuni tukanywa pamoja, akaniuliza kama kuna linalonisumbua. Nikasema naangalia nyaya. Akasema ni vizuri kuangalia nyaya.

Mjanja sana huyu mwanamke.

Jumatatu, Pagume 3

Sikukuu ya malaika Rufael, na mvua imenyesha kama ilivyoahidiwa. Nimefika Shiro Meda kabla ya kazi. Mtaa mzima uko nje, watoto uchi wanaruka, wazee wamevua kofia. Mvua ya siku hii ina baraka. Mama mkubwa yuko katikati ya ua, uso juu, macho wazi kabisa, anayaosha. Nikakimbia na mwavuli. Akaupiga kofi ukaruka hadi kwenye kuni.

Akasema nimpishe, ana mazungumzo na malaika. Nikasimama pembeni, nikalowa. Alipomaliza akapapasa hewani kunitafuta, akanishika sikio badala ya mkono, tukaingia ndani hivyo hivyo. Akauliza imebaki siku ngapi. Nikasema nyingi. Mbili si nyingi, najua.

Ofisini: Mjenzi anasema leo ni tarehe 2, mwezi wa kwanza, 2018! Ameruka Pagume karibu yote na kuingia mwaka mpya peke yake, sisi bado tuko mvuani. Nikamrudisha nyuma siku nne ili ashike adabu. Nikajenga tena. Sekunde mbili. Weizero Tsedale kaleta mgeni aone kasi yetu. Mgeni akajaribu kifurushi. Akauliza hizo nukta nne ni za nini. Nikamwambia ni mtindo mpya.

Jumanne, Pagume 4

Mpango mkubwa leo. Mkubwa kuliko yote.

Kama programu haitaki kusoma vizuri, nitasoma mimi, na Mama mkubwa asijue. Nikawasha mazungumzo ya video kwenye simu yake, nikaiunganisha na yangu. Yeye chumbani anaelekeza kamera kwenye barua, mimi jikoni naiona karatasi yote kwenye kioo changu, namsomea kwa sauti ya mashine. Nilifanya mazoezi njiani. Mtu mmoja pale Arat Kilo akanikimbia hadi ng'ambo ya barabara.

Mlango ukafungwa. Karatasi ikatokea kwenye kioo changu. Herufi za mashine ya reli, wino umefifia, pembeni alama ya kidole gumba. Nikakohoa, nikaanza: "Mpendwa Asnaku." Kisha macho yangu yakafika mstari wa pili.

Sitauandika hapa. Hata humu siuandiki. Nilijua tu, mara moja, kwamba mstari ule haukuandikwa niusome mimi, na sikuweza kuendelea. Nikafunika kioo kwa kiganja. Nikasema, kwa sauti ya mashine, kwamba chaji imekwisha.

Halafu Mama mkubwa akauliza, kutoka chumbani, mbona simu inapumua.

Nikaingia nikapiga magoti. Nilidhani atanichapa. Akapapasa mpaka akapata kichwa changu, akakishika. Akasema, "Wube mwanangu, basi. Umejaribu. Zimeshaishi vya kutosha hizi karatasi." Akazikusanya, akazifunga kwa utepe, akaziweka juu ya kuni za kesho. Namjua tangu nina miaka sita na sijawahi kumwona akifanya kitu polepole hivyo.

Jumatano, Pagume 5

Nimeingia ofisini nimevimba macho. Nusu ya watu wako sokoni wananunua kondoo. Lulit yuko. Nikamwendea nikamwambia amenishinda, achukue ukuu wa vifurushi, achukue na kiti changu, ila aondoe alichomtilia Mjenzi, maana kuna mama anachoma maisha yake jioni hii.

Akasema hajamtilia Mjenzi kitu chochote. Nikaanza kulia. Mbele yake! Akaniketisha, akasema nimweleze tangu mwanzo, bila kuruka. Nikamweleza. Nilipofika kwenye tarehe akainua mkono.

"Rudia hapo, kaka. Umebadilisha nini?"

Nikarudia, kwa fahari kidogo. Akafumba macho muda mrefu. Halafu akanieleza kama mtu anayemlisha mtoto uji. Mjenzi habahatishi. Huangalia tarehe ya mstari na tarehe ya kipande alichokwisha kukijenga. Mstari ukiwa mpya kuliko kipande, anajenga upya. Kipande kikiwa kipya kuliko mstari, anakiacha kilivyo. Vipande vyake vyote alivijenga mwaka 2025 wa ferenji. Mistari yangu yote ya wiki hii ina tarehe ya 2017. Kwake yeye nilikuwa namletea magazeti ya zamani. Hajajenga kitu tangu Jumanne ya wiki iliyopita! Zile sekunde mbili zilikuwa za kutufungia kifurushi kile kile.

Nikauliza, kwa hiyo kosa ni la ferenji?

Lulit akairudisha saa ya Mjenzi. Akafuta vipande vyote vya zamani, kila kimoja, akamwamuru aanze kutoka mwanzo. Mjenzi akapumua kama ng'ombe. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Weizero Tsedale akapita, akauliza mbona tumerudi kwenye dakika arobaini, kasi yetu imekwenda wapi. Nikafungua mdomo. Lulit akawahi: tunamfanyia Mjenzi usafi wa mwaka mpya. Bosi akaridhika, akaenda zake.

Kwa nini amenifichia siri? Nimelifikiria njiani na bado sijapata anachotaka.

Kifurushi kikatoka saa kumi. Lulit akakijaribu. (Anajaribu kila kitu.) Simu ikasema: "Kesho maji yatakatika. Wubshet hodari. Jazeni mapipa. Wubshet hodari." Nilikuwa nimesahau mstari ule. Lulit alicheka mpaka akashika ukuta. Tukaufuta, dakika arobaini nyingine.

Tukatoka mbio sote wawili. Barabara ya kupanda Shiro Meda imejaa kondoo, watu wamebeba kuku, wasichana na maua ya njano. Nilimkanyaga kondoo mmoja na mwenyewe mmoja. Tulipoingia uani jua limezama, majirani wamesimama na mienge yao, na Mama mkubwa keshachutama mbele ya kuni, kibiriti mkononi.

Nikapiga kelele. Lulit akamshika mkono taratibu, akajitambulisha, akamwomba dakika tano tu. Mama mkubwa hakunisikiliza mimi. Akamsikiliza Lulit.

Akaingia chumbani na mzigo wa barua. Mlango ukafungwa. Safari hii sikutega sikio. Nilikaa juu ya gogo, nikaziba masikio kabisa, nikamtazama Lulit usoni ili nijue kinachoendelea. Kwanza uso wake haukusema kitu. Kisha akatabasamu. Nikaondoa mikono. Ndani kulikuwa na mtu anacheka, kicheko cha msichana, sikukijua. Majirani wakasubiri na mienge yao, hakuna aliyelalamika.

Mama mkubwa akatoka mikono mitupu. Mashavu yamelowa.

"Anasema anakuja Jumamosi," akatuambia. "Kwa treni ya asubuhi. Nisisumbuke kuja kituoni."

Akawasha kuni. Tukaimba.

Alhamisi, Meskerem 1, 2018

Mwaka mpya. Jua, maua, mchuzi wa kuku. Lulit kaalikwa, kala kuliko mimi. Weizero Tsedale kapiga simu: mkuu wa vifurushi ni Lulit. Nimempongeza, na nimeshangaa kuona kwamba nilimaanisha. Amri yake ya kwanza: mtu asiguse saa ya Mjenzi. Nikaapa mbele ya chakula.

Mama mkubwa ameamka kabla ya jogoo, ameshasikiliza barua tatu. Baada ya kahawa akanivuta pembeni. Alikuwa na haya, yeye! Akaniuliza kama simu hiyo inaweza pia kuandika, yeye aseme, yenyewe ipige chapa. Nikauliza anataka kumwandikia nani.

Anataka kumjibu. Barua mia moja na kumi na mbili, na yeye alijibu nne tu. Alikuwa na kazi, alikuwa na mimi wa kulea, alidhani muda upo.

Nimelia kidogo kwenye kuni. Nikarudi nikamwahidi atakuwa nayo kabla ya sikukuu ya Meskel. Lulit akanikanyaga mguu chini ya meza. Meskel imebaki siku kumi na sita tu, na kazi hiyo ni ya miezi mitatu. Akauliza nitafanyaje. Nikamwambia aniachie mimi.

Nimelifikiria vizuri. Kosa langu lilikuwa kumrudisha Mjenzi nyuma. Nikimsogeza mbele miezi mitatu, kwake kazi itakuwa imekwisha. Lulit huingia saa mbili. Kesho nitaingia saa moja.