Lebo Mbili za Ndege wa Visiwani

Jumatatu, 3 Machi
Siku mbaya. Yule dada wa maabara, tunayemwita Darubini, kasimama mbele ya wafanyakazi wote wa makumbusho na kusema kibao changu kinapotosha. Kibao changu! Miaka kumi na tisa kinaning'inia juu ya ndege waliokaushwa: "Bara huzaa, visiwa hupokea." Eti siyo hivyo tu. Eti zamani sana ndege wachache walitua visiwani, uzao wao ukatawanyika, kila kisiwa na mdomo wake: huku mrefu wa kufyonza maua, kule mnene wa kuvunja mbegu. Halafu baadhi wakavuka kwenda kuiteka bara. Hata yule wa kijivu anayelia bustanini kila asubuhi! Mwenyeji wangu tangu utotoni, kumbe asili yake visiwani. Mkurugenzi akapiga makofi. Na mimi pia, kwa adabu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa yake. Darubini kaomba ndege wawili kutoka droo zangu, mmoja wa bara, mmoja wa kisiwani, akapime vinasaba. Nimebadilisha lebo miguuni. Ya huyu kwa yule. Dakika mbili! Majibu yatagongana, ataumbuka, kibao kitabaki. Chakula cha mchana kilishuka vizuri.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Darubini hata hakufika kwenye vinasaba. Kawatazama tu, akauliza tangu lini yule wa bara akawa na mdomo kama sindano ya kushonea magunia. Midomo! Na akili zangu zote, sikukumbuka midomo.

Mkurugenzi akauliza mwandiko ni wa nani. Wa Fundi. Fundi ndiye anayewachuna, anayewajaza pamba, anayeandika lebo, miaka thelathini na moja sasa. Ndiye aliyenifundisha kumshika ndege bila kumvunja bawa. Akaziinua lebo mpaka puani. Kisha akasema, "Mwandiko ni wangu. Basi macho yameniaga."

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Nikakohoa. Basi.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango wa kurekebisha. Nimewahi kazini, ndege wamesharudi drooni, nimerudisha lebo mahali pake kimyakimya. Safi kabisa! Walipokuja kukagua, Mkurugenzi akamshukuru Fundi kwa kusahihisha kosa haraka. Fundi akasema hakumbuki kuzigusa. Akakaa kitini taratibu. Akasema basi siyo macho, ni kichwa. Anaacha kazi leo hii. Mkasi wake akanikabidhi mimi.

"Utunze, mwanangu. Hapa nakuamini wewe tu."

Mkasi mdogo wa kukatia uzi. Nikautia mfukoni, mzito kama gunia.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda kwa Fundi kukiri. Wallahi nilikusudia. Mkewe kanipa kiti, akaninong'oneza kwamba mzee tangu Ijumaa haandiki hata jina lake, anaogopa kukosea. Fundi alikuwa dirishani akimsikiliza ndege wa kijivu. Akaniambia mambo ya visiwa alikwishayahisi zamani, alipokuwa akiwachuna: mabawa na mifupa ya yule wa kijivu inafanana mno na ya ndugu zake wa ng'ambo. Mbona hakusema? Akacheka kidogo. Kwa sababu kibao kilikuwa changu mimi, akasema, na alijua nakipenda sana.

Nikafungua mdomo. Nikaomba maji ya kunywa.

Jumatatu, 10 Machi
Kibao kimeshushwa. Ukutani pamebaki alama nyeupe. Darubini akanivuta pembeni, akaniambia anajua nani aliyegusa lebo. Funguo za droo ninazo mimi peke yangu. Ananipa mpaka Ijumaa nimwambie Fundi kwa kinywa changu. Hakupandisha sauti. Heri angenifokea.

Jumanne, 11 Machi
Njia imepatikana! Nimemwandikia Fundi barua kwa jina la Mkurugenzi. Inaeleza kwamba uchunguzi wa kina umegundua lebo zilihama zenyewe kwa sababu ya unyevu, na kwamba arudi kazini mara moja kwa heshima zote. Sahihi nimeiiga mpaka ule mkia wake wa mwisho. Kumwambia Fundi kwamba ni mimi kungechukua dakika moja. Barua imenichukua siku nzima. Lakini inavyosomeka! Hakuna atakayegundua.