Lori la Odilo na Magunzi Yangu

Jumatatu, 7 Juni 1954
Baridi ya kukunja vidole. Odilo jirani karudi toka Njombe na lori la tajiri wake. Honi tangu kule mbali, utadhani kamleta mfalme. Kaleta habari tu. Zamani habari zote za Makambako zilipita kwangu kwanza. Siku hizi anazo Yudita, mke wake, na kina mama wanapita mlangoni kwangu na vikapu vyao, wananisalimu kamwene, kamwene, moja kwa moja mpaka kwake. Na Jumamosi ni zamu yangu ya kupukuchuliwa mahindi. Wasipokuja, fukusi watamaliza kihenge changu. Dawa ninayo. Lori lisitoke. Bila lori, Yudita atasema nini?

Jumanne, 8 Juni
Nimetega misumari ya bati kwenye njia ya tairi. Watu wanapita pembeni, hakuna wa kuumia. Pancha imeingia vizuri sana, tena mbele ya mlango wangu. Kosa likawa hilo hilo. Mji mzima umekuja kutazama. Odilo anabandika kiraka, mdomo haupumziki: mzee wa kanisa mmoja wa Igwachanya kakutwa kajificha kwenye pipa la pombe. Dorkasi, aliyeniambia mguu unamuuma hawezi kufika kwangu, kasimama pale mpaka mchana kwa mguu ule ule. Odilo kaniambia Mama Manase, wewe una mabega, hebu shika pampu. Nikashika. Nilitaka kujua pipa lilikuwa tupu au limejaa. Limejaa.

Jumatano, 9 Juni
Yudita kafagia njia yote. Misumari aliyookota kaniletea, kauliza kama si ya bati langu. Nikamwambia bati langu halina misumari. Kanitazama, katazama bati, kaenda zake.
Nimekaa, nimewaza. Magunzi! Msimu huu yamezagaa kila mahali, nani anatazama gunzi? Nimechagua mazuri, nimechomeka misumari, ncha zimechungulia kidogo tu. Nimeyalaza njiani. Yamependeza.

Alhamisi, 10 Juni
Magunzi hayapo. Yudita kayazoa kwa kapu. Nikamuuliza kwa upole kayapeleka wapi. Kasema mengine jikoni, mengine chooni, kwani kwako yamekwisha, nikupe? Nikasema hapana, asante.
Gunzi chooni kila mtu anajua linafanya kazi gani. Na choo chao kina giza.
Nilikuwa hapo uani kwangu naanua nguo wakati Odilo anaingia. Sauti aliyotoa nadhani hata kijiji cha Kichiwa wameisikia. Katoka anatembea kama bata. Hawezi kukaa. Dereva asiyeweza kukaa ataendesha nini? Nimemhurumia sana. Nimeingia ndani, nimecheka mpaka nimelala chini.

Ijumaa, 11 Juni
Mambo yameharibika. Wote wamekwenda kumpa Odilo pole. Kalala kifudifudi kwenye mkeka, anasimulia. Anasema kateleza kwenye ngazi ya lori. Kina mama wamebeba na mahindi yao, wanapukuchua huko huko kwa mgonjwa.
Nami nilikuwepo. Fidelia kauliza ngazi gani hiyo inayompiga mtu pale tu. Nimeuma nguo yangu mpaka imetoboka. Ninayo habari kubwa kuliko zote zilizowahi kupita Makambako, na siwezi kuitoa. 

Jumamosi, 12 Juni
Zamu yangu. Asubuhi hakuna mtu. Nimekaa na kihenge changu tunatazamana. Kisha Dorkasi kaja kuazima ungo. Nikamwambia yeye tu, tena nimemwapisha.
Kabla ya mchana uwanja umejaa. Nimesimulia, nikaombwa nirudie. Nikawaonyesha na mwendo wa bata. Walivyocheka! Na mikono inapukuchua, magunia yanajaa. Siku nzuri sana.
Ndipo Fidelia, yeye huwa hasemi sana, kauliza: hiyo misumari kwenye gunzi ilichomekwa na nani?
Sehemu hiyo sikuwa nimeitayarisha.
Na Yudita alikuwa nyuma kabisa, kaja kunisaidia, na togwa kaniletea. Akainuka, akapangusa nguo. Kasema kesho Odilo atawapeleka kina mama wote sikukuu ya mavuno kanisani Njombe, atakalia mito. Kila mmoja ana nafasi, ila Mama Manase abaki apumzishe mdomo.

Jumapili, 13 Juni
Wamekwenda. Lori limejaa, wanaimba. Hata Dorkasi, na ungo wangu. Mahindi yangu yako kwenye magunia, fukusi wamekosa. Lakini nyumba ni kimya mpaka naongea na kuku. Wataona mnada wa mavuno, nani kanunua jogoo wa nani, nani kagombana. Watarudi na habari lori zima, na zote zitashukia kwa Yudita.
Labda lori lisimame hapa kwangu kwanza. Kidogo tu.
Magunzi nimeacha kabisa. Mtu lazima ajifunze. Safari hii nimepigilia kwenye ubao. Ubao hakuna wa kuupeleka chooni.