Saa Inasema Nimepungua

Jumatatu, 9 Juni 2025

Siku mbaya! Sister Chepchumba, nesi wa kiwanda chetu cha chai, amenipima presha kisha akanipima tena. Nesi akirudia kupima, ogopa. Akanipandisha kwenye mizani, akaandika, akasema hivi: uzito usiposhuka hata kilo moja kufikia Ijumaa, ufunguo wa lori utapewa mtu mwingine. Lori langu! Ni mimi ninayebeba majani mabichi kutoka vituo vya upande wa Chepilat tangu Joab wangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Na huyo mtu mwingine namjua. Ni Robert Chepyegon, dereva wa akiba, mwembamba, anayekimbia kila asubuhi bila kufukuzwa na mtu. Alikuwa ananisubiri mlangoni. "Mzee, hii kiti utaniachia ikiwa hivi, ama nitarekebisha?" Nikacheka kwa nguvu.

Jumanne, 10 Juni

Nimeokoka! Shemeji Seth, kaka yake mke wangu Dorcus, ameniazima saa yake ya mkononi inayohesabu kalori zinazochomwa na mwili. Saa inauliza umri, urefu na uzito. Seth alidokeza kwamba mtu mzito huchoma zaidi. Basi nikaiambia nina kilo mia moja arobaini. Kwa nini nijinyime?

Nilijilaza kidogo baada ya chakula cha mchana. Kuamka, namba imepanda! Nimechoma nikiwa nimelala! Nimemweleza Dorcus kwamba usingizi ni mazoezi. Amesema basi mimi ni bingwa wa dunia. Sikupenda sauti yake.

Jumatano, 11 Juni

Ugunduzi mkubwa. Mvua imeharibu barabara, ni mashimo matupu, na mkono wangu ukikaa kwenye gia unatikisika kama uji jikoni. Saa inadhani ninakimbia! Nimefika kituoni bila kuinuka kwenye kiti na tayari nimechoma kalori za kutosha chapati tano. Nikala tano. Hesabu ni hesabu. Kurudi, nilichagua mashimo makubwa kwa makusudi. Taniboi wangu, Kipkemboi, anayenisaidia kupakia majani, aligonga kichwa na akauliza kama nimelewa.

Lakini moyo hautulii. Nilimkuta Robert akipangusa vioo vya lori langu, na hakuna aliyemtuma.

Alhamisi, 12 Juni

Kesho ni kesho. Mshipi umekataa kufika tundu lake la kawaida. Nimeulaumu mshipi, lakini jasho lilinitoka.

Nikahitaji namba kubwa, na haraka. Nikamfikiria Jentrix, jirani yetu anayechuma chai. Ukitazama mikono yake ikipita juu ya majani huioni, inapaa tu. Asubuhi nikamfunga saa mkononi. Aliniuliza ni ya nini. Nikasema ni utafiti. Jioni akanirudishia, nikakaribia kuanguka: kalori elfu nne! Mikono ni ya Jentrix, ndiyo, lakini saa ni yangu. Ya shemeji, kwa hivyo yangu. Nimekula ugali, nyama ya kukaanga na maziwa yetu ya mgando, mursik, na bado nilikuwa na kalori za akiba. Dorcus aliniangalia hadi nikamaliza. "Baba Joab, ni hiyo saa inakula ama ni wewe?"

Ijumaa, 13 Juni

Nimeongeza kilo mbili.

Nilimwambia Sister mizani yake ni mbovu, nikamwonyesha saa. Aliitazama kwa upole, na huo upole uliniuma kuliko matusi. Akasema namba ile ni makisio tu. Saa inachanganya uzito uliojitajia, mapigo ya moyo na mtikisiko wa mkono, halafu inabahatisha. Akasema sehemu kubwa ya zile kalori mwili huzitumia kwa kupumua na kuishi tu, hata ukiwa kitandani, kwa hivyo si ruhusa ya kula zaidi. Akaona kwenye saa zile kilo mia moja arobaini. Akazifuta mwenyewe, akaandika zile za kweli.

Nikasema mbele ya meneja, Bi Molly, kwamba mizani ni mbovu na nitakufa nikisema hivyo. Bi Molly akanyoosha mkono, nikaweka ufunguo. Nimepelekwa kwenye vitanda vya kunyaushia majani, kusukuma toroli. Nitapimwa tena Ijumaa ijayo. Robert aliondoka na lori akipiga honi. Nimeumia sana. Nililia kidogo chooni na sijamwambia mtu.

Jumatano, 18 Juni

Kazi ya toroli ni mateso. Natoka jasho mpaka viatuni. Na saa? Kimya! Mikono yangu imeshika vyuma vya toroli bila kutikisika, na saa inaona kama nimeketi kanisani. Kalori kiduchu. Kwa hivyo chapati hairuhusiwi. Nimekula sukuma wiki na kipande cha ugali, kama jana na juzi. Njaa inanitoa machozi, lakini mimi ni mtu wa sheria.

Dorcus anasema suruali zangu zinaanguka. Nimemwambia anazifua vibaya.

Ijumaa, 20 Juni

Siku ya ukweli. Robert alikuwa mlangoni, safari hii bila mzaha, anatafuna kucha. Nikapanda kwenye mizani. Sister akatazama, akatabasamu, akasema nimeshuka kilo tatu na presha pia imeteremka. Akaanza kuandika barua ya kunirudishia ufunguo.

Ningenyamaza? Wiki nzima nimetangaza kiwanda kizima kwamba mizani ile ni mbovu. Leo niisifu kwa sababu imenipendelea? Na saa inasema wiki hii sijachoma chochote cha maana! Nikasema kwa sauti, Bi Molly akisikia, kwamba namba hiyo ni ya uongo. Sister aliacha kuandika. Aliniuliza kama nina hakika. Akaniuliza tena, polepole, kama mtu anayemwita mtoto atoke barabarani. Nikasema mimi, Jackton, sibadiliki.

Bi Molly akafikiri, akasema basi, kama dereva mwenyewe haamini mizani, haiwezi kumrudisha barabarani. Mizani itapelekwa Nairobi kukaguliwa, na huenda ikachukua miezi miwili. Mpaka irudi, lori libaki kwa Robert.

Nimetoka nikiwa nimenyoosha mabega. Nimeshinda! Wamekubali wote kwamba mizani ni mbovu. Robert alinishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlengalenga, akasema hajawahi kuona mwanaume kama mimi. Hata yeye ameona.