Jinsi Nilivyomsaidia Benaisa

Jumamosi, 9 Novemba

Benaisa ameanguka. Nimeandika hivyo, kalamu ikakataa kuendelea. Nikaenda kuchemsha kahawa. Nimerudi. Kahawa imeungua.

Ilikuwa jana, mechi haijaanza. Alipanda ukingo wa chuma wa juu ya jukwaa letu kufunga bendera kubwa ya timu yetu, Shihab, kama kawaida yake, huku anaimba. Ukingo ule una kutu tangu tukiwa watoto. Ukang'oka, naye akaenda nao mpaka kwenye zege. Mguu wa kushoto umevunjika vibaya chini ya goti. Fundi lipu mzima, mtu ambaye kazi yake yote iko juu ya ngazi, na hajawahi kuteleza kazini hata siku moja. Ameenda kuangukia mpirani.

Nililia. Naandika hapa kwa sababu hapa hapasomwi na mtu. Benaisa ni rafiki yangu tangu enzi tukiruka ukuta wa uwanja ule ule kwa kukosa tiketi.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, kipaza sauti chake kilibaki sakafuni. Yeye ndiye anayetuongozea nyimbo sisi wote wa mtaa wa Tijditt. Nikakiokota. Ilibidi mtu akiokote. Nikaanzisha wimbo, sauti ikatoka kama mlango usiotiwa mafuta. Jelul, muuza karantika, ile mikate ya unga wa dengu, akaanzisha wimbo mwingine kwa mdomo mtupu, na jukwaa zima likamfuata yeye. Tukafungwa.

Nimewaza mchana kutwa. Chama cha mashabiki kitahitaji mtu wa kushika kipaza sauti mpaka Benaisa apone. Watamchagua nani? Bila shaka yule anayeonekana kumjali mgonjwa kuliko wote. Na mimi namjali kuliko wote. Kilichobaki ni kuonekana.

Jumapili, 10 Novemba

Hospitali. Nilibeba machungwa. Nusu ya Tijditt ilikuwa mlangoni, skafu za bluu shingoni. Nesi akasema wataingia wawili tu. Nikajitokeza nikamweleza kwamba mimi na mgonjwa ni kama tumbo moja. Hakunisikiliza. Alikuwa anauliza ile sufuria inayonukia ni ya nani. Ilikuwa ya Jelul, supu ya hrira aliyopika mama yake. Akaingizwa Jelul na sufuria. Mimi nikaingia wa pili, kama mfuniko.

Benaisa alikuwa amegeukia ukuta. Hakutaka supu, hakutaka machungwa. Mkewe, Kheira, alikaa pembeni amepakata viatu vya mumewe, vyote viwili. Daktari akatuambia atapasuliwa Jumanne na damu inahitajika.

Nikaenda mkahawani tunapokutana mashabiki, nikapanda juu ya kiti, nikatangaza kwamba kesho Shihab nzima itatoa damu, na wa kwanza atakuwa Lakhdar fundi friji. Wakanipigia makofi. Jelul naye alipiga, lakini kwa ncha za vidole.

Jumatatu, 11 Novemba

Siku mbaya.

Niliwaambia watu wakutane kwanza mkahawani, wavae skafu, twende kwa maandamano na ngoma. Mpiga ngoma akachelewa. Tukamsubiri. Kisha nikaona heri tupitie sokoni, watu watuone. Tulipofika hospitalini, nesi wa damu alikuwa anafunga mlango. Akasema wamepata ya kutosha. Kutoka kwa nani? Kutoka kwa vijana waliokuja asubuhi na mapema, wapole sana, wenye skafu za kijani.

Kijani. Amal. Mahasimu wetu wa ng'ambo ya bonde. Walikuja na kiongozi wao Zwawi, yule mwashi mwenye mabega kama kabati, wakatoa damu, wakaenda zao bila hata kupiga picha. Kuna watu hawana haya.

Nikashikilia kwamba na mimi nitolewe. Nesi akachoka kubishana, akanikalisha. Nakumbuka akinifunga mpira kwenye mkono. Sindano sikuiona. Nilipozinduka nilikuwa mgongoni kwa Jelul, ambaye ananuka dengu.

Habari ilimfikia Benaisa kabla yangu. Nilipoingia aligeuza shingo, mara ya kwanza tangu aanguke.

"Lakhdar," akasema, "hii damu ya Amal ikishaniingia, ukinisikia naimba nyimbo zao usinipige."

Wote wakacheka, hata Kheira. Mimi sikucheka. Nilimfuata nesi pembeni nikamuuliza kama kuna uwezekano wa kubadilisha. Akaniambia nikale kitu.

Jumatano, 13 Novemba

Jana walimpasua. Leo daktari anasema vidole vya mguu bado ni vya baridi. Anasema tungoje. Benaisa amerudi kwenye ukuta wake, hasemi na mtu.

Mgonjwa wa namna hiyo dawa yake ni nyimbo. Baada ya alasiri niliwapanga watu wote chini ya dirisha lake. Madirisha nilikuwa nimeyahesabu kutokea ndani. Kutokea nje, kumbe, ni hesabu nyingine. Tukaimba kwa nguvu zetu zote, ngoma ikapigwa. Pazia likafunguka, akachungulia mkunga. Ilikuwa wodi ya wazazi. Watoto wachanga wakaamka kwa mpigo mmoja, na kusema kweli walitushinda sauti. Baba mmoja aliyepata mapacha alishuka kutukumbatia. Baba mwingine alishuka na kiatu mkononi.

Mkubwa wa hospitali ameamuru skafu ya bluu isivuke geti. Yaani Amal wanaingia, sisi hatuingii.

Jioni Kheira alikuja karakanani kwangu. Hakutaka kuketi.

"Shemeji Lakhdar," akasema, "najua unampenda. Nakuomba kitu kimoja tu. Usimsaidie mpaka Jumapili."

Nikamwahidi. Nilipokumbuka kwamba kuna Ijumaa katikati, siku ya mechi na Amal, alikuwa ameshafika mwisho wa barabara.

Ijumaa, 15 Novemba

Nataka iandikwe kwamba hospitalini sikukanyaga. Ahadi ni ahadi.

Leo tulicheza na Amal. Kwa siku mbili Habib, mchora mabango, alikuwa amejifungia ghalani kwake akichora uso wa Benaisa kwenye kitambaa cha kufunika jukwaa zima. Wazo langu. Nilimpa picha ya harusi ya binamu yangu, mimi na Benaisa tumesimama bega kwa bega. Habib ni mgeni mjini, hatujui vizuri. Nikamwambia amchore yule mwenye masharubu. Nilisahau kwamba mwaka ule sote wawili tulikuwa na masharubu.

Ukiwa chini ya kitambaa kama kile huoni kitu. Unasikia tu. Tulisikia uwanja ukinyamaza. Nikafikiri wameguswa. Halafu tukasikia kicheko, kikaanzia kwa Amal, kikazunguka kwa waandishi, kikarudi kwetu. Nikachungulia. Ulikuwa uso wangu. Pua peke yake ilikuwa imefunika familia kadhaa. Na chini yake, kwa herufi za bluu nzuri kabisa: SIMAMA TENA, BENAISA.

Jelul alikuwa upande wa pili anamrushia Benaisa mambo yote moja kwa moja kwa simu. Shangazi yangu, ambaye ametuona kwenye televisheni, amepiga kuuliza nimelazwa wodi gani.

Ila kuna kitu kilitokea baadaye na sijui nikiandikeje. Kipindi cha pili jukwaa la Amal lilinyamaza lote. Zwawi akainua mkono. Wakaimba wimbo alioutunga Benaisa wa kuwatukana wao wenyewe. Mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka tusi hata moja. Watu wazima walilia. Mimi nililia chini ya pua yangu.

Tukafungwa tena.

Jumapili, 17 Novemba

Wamemkata mguu. Jana asubuhi. Damu haikufika chini, daktari alisema, na kungoja zaidi kungemwondoa yeye mwenyewe.

Nilivua skafu nikaingia. Sikubeba kitu. Njiani nilikuwa nimetayarisha maneno, lakini nilipoona namna shuka lilivyolala upande mmoja, yote yakanitoka. Benaisa akaniambia nikae. Akaniambia nisiimbe. Nikakaa.

Tulikaa hivyo mpaka chai ya wagonjwa ikapita. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia:

"Fundi lipu wa mguu mmoja anapanda vipi ngazi?"

Mimi nina jibu la kila kitu. Muulize yeyote Tijditt. Nilitafuta jibu kichwani, kwenye dari, kwenye sakafu. Hakuna. Nikamwambia sijui.

"Afadhali," akasema. "Tangu jana kila anayeingia hapa anajua."

Halafu akasema kwamba lile bango lilikuwa zuri, nilitokea vizuri kuliko nilivyo. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka katikati, nikamshika mkono. Kheira akatoka nje. Nimerudi nyumbani kwa miguu yangu miwili na njia nzima nilikuwa naionea aibu.

Jumatano, 20 Novemba

Mkutano wa chama, nyuma ya mkahawa. Nilivaa koti. Nilikuwa na hotuba fupi ya kukubali kipaza sauti na nyingine ndefu kidogo.

Jelul alisimama kwanza. Akasema Benaisa ameagiza kipaza sauti kikae kwake, Jelul, na kwamba yeye hatakitumia, atakitunza tu mpaka mwenyewe atakapokuja kukichukua. Watu wakaitikia amina. Hotuba zangu zote mbili zikabaki mfukoni.

Kisha akasema kazi imekamilika. Nikauliza kazi gani. Wote wakaangalia glasi zao za chai.

Imekuja kubainika hivi. Benaisa alikuwa ameacha nyumba ya mtu katikati, vyumba havina lipu, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kutafuta fundi mwingine. Tangu wiki iliyopita, kila baada ya kazi, vijana wa Shihab na vijana wa Amal wamekuwa wakienda pale na mwiko na mchanga. Zwawi ndiye aliyewasimamia. Mama yake Jelul aliwapikia. Leo mchana wamemaliza chumba cha mwisho. Na si hilo tu. Zwawi amemwambia Benaisa kwamba kwenye miradi yake anahitaji mtu mwenye jicho la kusimamia lipu kutokea chini. Benaisa amesema atafikiria.

Mji mzima ulijua. Pande zote mbili za bonde. Nikauliza kwa nini mimi sikuambiwa. Jelul alijikuna shingo. Akasema, kwa upole, na upole ndio ulioniumiza, kwamba walipiga kura.

Hata Zwawi alipiga.

Nimelala kwenye kochi nimegeukia ukuta. Nimeelewa kwa nini Benaisa anaupenda. Ukuta haukuonei huruma.

Alhamisi, 28 Novemba

Benaisa yuko nyumbani tangu juzi. Leo asubuhi Kheira amenipigia yeye mwenyewe. Friji yao imekufa, na dawa za mumewe zinatakiwa zikae kwenye baridi.

Nilikwenda na vifaa vyangu. Sikumwambia mtu. Sikupitia sokoni. Nikafungua friji nyuma, nikakuta waya umeliwa na panya, nikabadilisha, nikajaza gesi, nikafuta na vumbi. Ikaanza kunguruma vizuri. Benaisa alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, ananiangalia nikifanya kazi, kama mafundi wanavyoangaliana. Akasema nimeshika koleo vizuri. Kheira akaleta kahawa na kwa mara ya kwanza akaketi nasi.

"Unaona, shemeji?" akasema. "Hivi ndivyo tunavyotaka."

Nimeona. Nimetoka pale kifua chepesi. Msaada ni kufanya unachokijua, kimyakimya, halafu kuondoka. Nimeiandika hapa kwa herufi kubwa kidogo ili nisisahau.

Ila kuna jambo moja. Wakati nakunywa kahawa, Benaisa alisema kesho Shihab wanacheza nyumbani na yeye atasikiliza kwa redio. Ngazi za jengo lao ni nyembamba, zinapinda, na hataki kushushwa mgongoni kwa watu kama gunia la saruji. Alilisema kwa utani. Macho hayakuwa ya utani.

Sasa, lile dirisha lao ni pana. Nimelipima kwa jicho wakati nafunga vifaa. Na mimi, kama fundi, nina ile pulei tunayopandishia friji kwenye ghorofa ambazo ngazi hazifai. Imewahi kubeba friji la muuza nyama, na Benaisa sasa ni mwepesi kuliko friji la muuza nyama. Kiti kipo. Mikanda ipo. Chini atakuta mashabiki wote, na ngoma, na mtu mmoja aliyelifikiria jambo hili peke yake.

Kamba nimeshaipata. Nimeijaribu kwa mashine ya kufulia na ilishuka salama, karibu yote.

Jelul sijamwambia. Kheira nitamwambia mumewe akishafika chini.