Wasifu wa Marehemu Aliyekaa Mstari wa Mbele

Leo nimeumbuliwa na marehemu. Naandika haya nikiwa nimejifungia chumbani, na marehemu mwenyewe yuko sebuleni anakunywa chai na mke wangu.

Kwa msiokuwa wa Gulwe, nieleze kwanza. Zamani, nilipokuwa bado na nywele, alikuja hapa fundi wa kuchimba visima kutoka Italia, jina lake Renzo. Kwao ni mji mdogo wa wachonga mawe uitwao Rokaverna, na alikuwa golikipa wa timu yao. Timu yenyewe haikuwahi kupanda daraja lolote la maana. Wapinzani waliwaita punda, kwa sababu wachezaji walishinda wakibeba mawe na kuja uwanjani na vumbi mabegani. Basi wao wakamchukua huyo punda wakamshona kifuani mwa jezi, na tusi likaishia hapo.

Renzo alipotusimulia hayo tulipiga makofi. Huku kwetu nani asiyejua kazi ya punda? Maji ya kunywa nani anayabeba? Akatuachia seti ya jezi za zambarau zenye punda, nasi tukajiita Rokaverna ya Gulwe. Mimi nikawa katibu, maana nilikuwa na kidato cha nne na mwandiko mzuri.

Sasa kosa langu. Miaka kumi na miwili iliyopita Renzo aliniandikia barua. Kwao walikuwa wanatengeneza kitabu cha historia ya klabu, akaomba niandike kurasa mbili za ndugu zao wa Gulwe. Nikasema nitaandika kesho. (Kesho hiyo imeshapata wajukuu.) Ikaja barua ya pili. Ikaja ya tatu. Aibu ikanizidi, sikuzifungua. Na wanachama kila mkutano walikuwa na swali moja: "Katibu, Renzo anasemaje?" Siku moja nikachoka. Nikajibu, "Renzo amefariki."

Nilitaka wanyamaze tu. Wakaangua kilio! Wakaweka matanga, mbuzi akachinjwa. Wakaniuliza maneno yake ya mwisho. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshazoea, nikasema ameacha wosia: punda asiondolewe kifuani, na Malogo awe mlezi wa klabu. (Malogo ni mimi. Najua. Najua.)

Tangu hapo kila mwaka tunacheza mechi ya kumbukumbu yake. Ya mwaka huu ilikuwa leo, na ilikuwa ya moto. Vijana wamechoka. Kila wakienda ugenini, mashabiki wanawalilia kama punda tangu wanaposhuka kwenye gari. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Neema, akaamua kwamba leo, kabla ya mpira, tupige kura: punda abaki, au awekwe simba. Mimi simba sikumtaka hata kidogo. Simba wa Gulwe amefanya kazi gani? Lakini silaha yangu ilikuwa moja tu, ule wosia.

Saa nne asubuhi gari dogo likasimama pembeni ya uwanja. Akashuka mzee wa Kizungu, kipara kitupu, fimbo mkononi. Siku hizi Waturuki wanaojenga reli mpya ni wengi huku, nikadhani ni mmoja wao aliyestaafu. (Jicho langu moja lina mtoto wa jicho. Na Renzo niliyemjua mimi alikuwa na ndevu kama kichaka.) Nikampokea mwenyewe.

"Karibu mzee mwenzangu. Umetukuta kwenye msiba."

"Poleni sana. Amekufa nani?"

Kiswahili chake kilikuwa safi. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo.

"Mfadhili wetu," nikamwambia. "Mzungu kama wewe, ila yeye alikuwa mtu mzuri sana."

"Aliugua?"

"Moyo. Ghafla tu."

Mgeni akajishika kifua, akatikisa kichwa, akanipa pole tena. Nikamkalisha mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki chenye mikono. Viti hivyo viko viwili tu, na kimoja ni changu.

Akaingia Mama Kulwa. Huyu ni Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wagogo. Kwa kuwa Renzo tulimlilia kama Mgogo, ni haki ya Mama Kulwa, kama mtani yeyote msibani, kumwigiza marehemu. Alikuwa amejifunga ndevu za katani, mto tumboni, na soksi mikononi ndiyo glavu.

"Mimi Renzo!" akapiga kelele, akitembea kama bata. "Nachimba kisima, napata vumbi! Nadaka mpira, napata upepo!"

Watu hoi. Mgeni alicheka mpaka akatoa leso. Mama Kulwa akamfuata pale pale kwenye kiti.

"Wewe Mturuki, unacheka msiba wa watu? Utakufa wewe!"

"Tayari," akajibu mgeni.

Watu wakacheka bila kuelewa. Mimi nikacheka kuliko wote.

Kisha nikaitwa kusoma wasifu wa marehemu. Nikavaa miwani, nikakohoa, nikasoma kwa sauti ya msibani. Nikafika kwenye wosia. Hapo nikaongeza chumvi kidogo: "Kwa mkono unaotetemeka aliniandikia, 'Malogo, punda wangu asiondoke, na klabu nakukabidhi wewe.'" Kina mama wawili wakajifuta machozi. Nikajua simba amekwisha.

Neema akasimama. "Wosia tunauheshimu. Kuna mwenye la kuongeza?"

Fimbo ikainuka mstari wa mbele.

"Mimi. Huo wosia sikuutoa."

Akanigeukia.

"Malogo, barua zangu ulizipata?"

Sauti ile! Mama Kulwa akavua ndevu zake polepole, akamshikizia mgeni kidevuni, akarudi nyuma hatua mbili, akamtazama. Halafu akapiga yowe: "Ndiye!"

Kundi zima la upande wa kushoto likatimka. Golikipa wetu alisimama relini. Nadhani asingeona treni ya mizigo inapita, angekuwa Mpwapwa saa hizi.

Neema hakukimbia. "Mzee Malogo, huyu ni nani?"

"Ni... marehemu," nikasema. Kweli halikuja neno lingine.

Waliobaki wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami nikasema yote, nimesimama, wasifu bado mkononi: barua, uvivu, uongo, wosia. Renzo hakucheka. Alisema kwenye kile kitabu walituachia kurasa mbili nyeupe, juu zimeandikwa Gulwe tu. Kisha akasema klabu ya kwao imefungwa. Vijana walihama, uwanja umekuwa malisho.

"Punda aliyebaki ni huyu wenu," akasema. "Nimekuja kumwona. Mkitaka simba ni haki yenu. Mimi si marehemu, siwezi kuwalazimisha."

Kura ikapigwa. Punda amebaki, na Neema mwenyewe alinyoosha mkono. Ikafuata kura ya pili, ya kunivua ulezi. Mikono yote ikanyooka, wa mke wangu ukiwa wa kwanza. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikanyoosha na wangu. Ilikuwa haki.

Nimeamriwa pia niandike zile kurasa mbili kabla mgeni hajaondoka Jumatatu, na Neema ndiye atakayesahihisha kwa kalamu nyekundu.

Vijana mnaosoma hapa, chekeni mmalize, kisha mshike neno moja la mzee wenu: kabla hujamtangaza mtu kuwa amefariki, hakikisha kwanza hana nauli.