Damu Juu ya Bati

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata! Machinjioni Karatu damu inamwagwa kila asubuhi, na mimi nipo tu. Bi Selestina, afisa mifugo, ametufundisha: damu ya siku hiyohiyo, ichemshwe mpaka iive hadi ndani, ikamuliwe maji, ikaushwe, isagwe, ndipo ichanganywe kidogo kwenye chakula cha kuku. Ijumaa anakuja kukagua. Atakayefaulu atauzia kikundi cha wafuga kuku cha mke wangu, Evarista. Yeye ndiye mwenyekiti. Kaniombea nafasi kwa wenzake, kanisihi nisimwaibishe. Mimi? Nimeshaota kuku wakubwa kama mbuni.

Jumanne, 4 Juni

Ndoo mbili, bado vuguvugu. Jirani yangu Adrian anachemsha ya kwake kwenye pipa, anakoroga, machozi yanamtoka kwa moshi. Maskini! Kuni za nini na jua lipo? Nimeimwaga yote juu ya bati. Nikalala kwenye majani, nikatazama mawingu. Kila wingu jogoo.

Jumatano, 5 Juni

Jua hakuna. Nilisahau kuwa ni Juni! Ukungu umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro, hata nyumba ya Adrian siioni. Sauti yake naisikia: anauliza kwa upole kama kwetu kuna msiba. Nikamjibu harufu ni ya mbolea. Inzi wote wa kijiji chetu cha Qurus wako kwangu. Lakini ukungu ni mzuri, jamani. Unapita mlangoni polepole kama mgeni asiyejua nyumba.

Alhamisi, 6 Juni

Manyunyu tangu mchana. Nimepanda kuangalia. Bati linang'aa! Damu imeenda zake. Evarista akauliza unga uko wapi. Nikasema unapumzika.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimejua ilikoenda. Bati lina mfereji, mfereji unaingia kwenye tangi la maji. Kikundi kizima sebuleni, Bi Selestina katikati, Evarista akafungua bomba ajaze birika la chai. Maji mekundu. Na harufu! Akaliweka birika chini, akanitazama. Bora angenitukana. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Chai wakaenda kunywa kwa Adrian. Unga wake ukapita hukohuko.

Jumamosi, 8 Juni

Nasugua tangi, niko ndani yake. Sitoki mpaka liache kunuka, kasema Evarista. Ni haki yake. Jua nalo ndiyo limetoka leo! Tangi jeusi, limenasa joto, jasho linanitiririka.

Ngoja! Humu damu ingekauka siku moja tu, bila kuni, bila mvua!

Nikatoa kichwa tunduni, nikamweleza Evarista yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga mfuniko.

Naandika kwa tochi ya simu. Jumatatu nitaanza na ndoo mbili.